Mizani Inayopanda na Kushuka: Umbo na Mbinu za “Les Djinns” ya Victor Hugo kwa Istilahi za Arudhi ya Kiswahili

Ikisiri

Mjadala kuhusu nafasi ya vina na mizani katika ushairi wa Kiswahili umekuwa ukiendeshwa kana kwamba mtunzi ana njia mbili tu: kuzifuata kanuni au kuziacha. Makala hii inachambua shairi la Kifaransa ambalo haliingii katika upande wowote kati ya hizo mbili, yaani “Les Djinns” la Victor Hugo, lililotoka katika diwani ya *Les Orientales* mwaka 1829. Shairi hilo lina beti 15 ambazo mizani yake hupanda kutoka silabi 2 hadi 10, kisha hushuka hadi 2. Kwa kutumia istilahi za arudhi ya Kiswahili, makala inaeleza namna silabi zinavyohesabiwa katika Kifaransa, namna vina vinavyofanya kazi, na namna umbo linavyobeba maana. Aidha, inaonyesha mambo ambayo msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki huyaona katika shairi hilo na ambayo uchambuzi wa umbo peke yake hauwezi kuyaeleza. Hoja kuu ni kwamba idadi ya mizani si sheria tu ya kutiiwa au kuvunjwa. Badiliko la mizani linaweza kuwa mbinu ya kisanaa, na arudhi yetu ina nyenzo za kulieleza.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*. Kitabu hicho kilikuja kuwa rejea kuu ya watunzi na wahariri wa kurasa za mashairi magazetini, hasa Dar es Salaam, mji ambao Abedi mwenyewe alikuwa Meya wake wa kwanza Mwafrika. Msimamo wake unafahamika: utungo usiokuwa na vina na mizani hauwezi kuitwa shairi. Miaka ishirini baadaye, Euphrase Kezilahabi alitoa *Kichomi* (1974), diwani ambayo ndani yake mashairi mengi hayakujifunga na kanuni hizo. Mulokozi na Kahigi nao, katika *Kunga za Ushairi na Diwani Yetu* (1979), walitetea maoni kuwa vina na mizani ni pambo linaloweza kuwapo au kutokuwapo. Upande wa mapokeo haukunyamaza, na Ibrahim Noor Shariff katika *Tungo Zetu* (1988) aliurudisha mjadala kwenye historia ndefu ya tungo za pwani.

Mjadala huo ulizaa maandiko mengi yenye thamani. Hata hivyo, uliacha athari moja isiyofaa katika ufundishaji. Mwanafunzi anayechambua shairi la kimapokeo huhesabu mizani, hutaja vina vya kati na vya mwisho, huandika jina la bahari, kisha huhamia kwenye maudhui kana kwamba hesabu ile haikuwa na uhusiano wowote na maana. Anayechambua shairi huru naye husema tu kwamba shairi halina vina wala mizani, kisha naye huhamia kwenye maudhui. Katika hali zote mbili umbo limetajwa lakini halijasomwa.

Makala hii inachagua kulitazama tatizo hilo kutoka nje, kupitia shairi moja la Kifaransa. Sababu ya kulichagua “Les Djinns” ni mbili. Kwanza, ni shairi linalohesabu silabi kwa ukali kuliko tungo nyingi za Kiswahili, lakini mizani yake hailingani kutoka ubeti hadi ubeti. Kwa kanuni inayodai ulinganifu wa mizani katika shairi zima, lingeitwa guni. Kwa bendera ya shairi huru, lingekataliwa kwa kuwa limefungwa mno. Pili, linahusu majini, viumbe ambao msomaji wa Kariakoo, Tanga au Lamu hawahitaji kuelezwa ni nini. Neno lenyewe, katika Kifaransa na katika Kiswahili, limetoka katika Kiarabu.

2.0 Mkabala wa Uchambuzi

Uchambuzi wa umbo una hatari zake, na historia ya uhakiki wa ushairi wa Kifaransa inatoa onyo zuri. Mwaka 1962 Roman Jakobson na Claude Lévi-Strauss walichapisha uchambuzi wa soneti ya Charles Baudelaire iitwayo “Les Chats”. Walionyesha mtandao mkubwa wa ulinganifu wa sauti, wa kisarufi na wa kimaana katika mishororo 14 ya soneti hiyo. Mwaka 1966 Michael Riffaterre aliwajibu kwa hoja nyepesi kuisema lakini nzito kuijibu: si kila ulinganifu unaoweza kuhesabiwa karatasini ni wa kishairi. Ulinganifu ambao msomaji hawezi kuuhisi ni sehemu ya lugha, si sehemu ya shairi.

Makala hii inaafiki onyo hilo na kulifanya kipimo. Kipengele cha umbo kitahesabiwa kuwa mbinu endapo kinatimiza masharti mawili: kinaweza kusikika au kuonekana na msomaji wa kawaida, na kuondolewa kwake kunabadili jinsi maudhui yanavyopokewa. Kwa kipimo hiki, kusema kwamba shairi lina mizani 16 bado si kuchambua. Uchambuzi huanza pale tunapouliza mizani hiyo inafanya nini.

Mishororo ya Hugo hainukuliwi hapa. Yaliyomo yanaelezwa kwa muhtasari. Mifano yote ya Kiswahili iliyomo katika makala imetungwa na mwandishi kwa ajili ya ufafanuzi tu.

3.0 Kuhesabu Silabi katika Lugha Mbili

3.1 Silabi wazi na silabi funge

Katika Kiswahili, silabi nyingi huishia kwa irabu, na kila irabu hubeba mizani yake. Nazali inayojitegemea, kama ile ya *mtu* au *mlango*, nayo huhesabiwa. Kwa hiyo mshororo ufuatao una mizani 16, minane katika ukwapi na minane katika utao:

Sokoni Kariakoo, alasiri pana watu

Jina la mahali lililomo katika mshororo huu ni somo la arudhi kwa nafsi yake. *Kariakoo* linatokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao kambi yao ilikuwa katika eneo hilo. Jina la asili lilikuwa na silabi funge. Lilipoingia katika vinywa vya wakazi wa Dar es Salaam, konsonanti za mwisho zilidondoka, irabu zikapata nafasi, na jina likawa na silabi tano wazi: *ka-ri-a-ko-o*. Irabu mbili za mwisho, ingawa zinafanana, ni mizani miwili. Kiswahili hulipokea neno la kigeni kwa kulipa irabu, na kila irabu ni mizani.

Kifaransa hakina tabia hiyo. Silabi zake zinaweza kuwa wazi au funge, na kina irabu moja yenye tabia ya pekee: irabu hafifu *e*, ambayo katika mazungumzo ya kawaida mara nyingi haitamkwi. Katika ushairi wa kimapokeo wa Kifaransa irabu hiyo huhesabiwa inapofuatwa na konsonanti ndani ya mshororo, humezwa inapofuatwa na irabu, na haihesabiwi inapokuwa mwishoni mwa mshororo. Hivyo mshororo wa silabi mbili unaweza kuwa na kivuli cha silabi ya tatu ambayo ipo katika maandishi na kwa mbali katika sauti, lakini haimo katika hesabu.

3.2 Mkazo na kina

Tofauti ya pili ni muhimu zaidi kwa msikilizaji. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa maneno machache. Kina, kwa upande mwingine, kwa kawaida hukaa katika silabi ya mwisho. Hii ina maana kwamba kina cha Kiswahili kimekaa katika silabi isiyo na mkazo: katika *watu* na *mtu*, sauti inayofanya kina ni *-tu*, lakini mkazo umeangukia *wa-* na *m-*. Katika Kifaransa mkazo huangukia mwisho wa kirai, na kina huanzia katika irabu hiyo yenye mkazo. Kwa hiyo kina cha Kifaransa hugonga, ilhali kina cha Kiswahili hutua.

Mapokeo ya Kifaransa hugawa vina katika aina mbili. Kina cha kike ni kile kinachoishia na irabu hafifu isiyohesabiwa. Kina cha kiume hakina irabu hiyo. Cha kwanza huacha mwangwi mdogo baada ya mkazo. Cha pili hufunga ghafla. Mgawanyo huu hauna mwenziwe katika arudhi yetu, lakini bila kuuelewa hatuwezi kuona kazi ya vina katika shairi tunalolichambua.

3.3 Mkato wa mshororo

Mshororo mashuhuri zaidi wa Kifaransa una silabi 12, zinazogawanywa sita kwa sita. Unafanana na shairi la Kiswahili la mizani minane kwa minane kwa kuwa una nusu mbili, lakini mpaka wa nusu hizo huonyeshwa kwa njia tofauti. Sisi huuonyesha kwa kina cha kati. Kifaransa cha kimapokeo huuonyesha kwa mkazo na kituo kifupi, na washairi wa zama za kanuni kali waliona kina katika mkato huo kuwa ni kasoro. Jambo ambalo kwetu ni uti wa mgongo wa urembo, kwao lilikuwa dosari. Mfano huu peke yake unatosha kuonyesha kwamba kanuni za arudhi ni makubaliano ya jamii ya watunzi na wasikilizaji wao.

4.0 Umbo la “Les Djinns”

Shairi lina beti 15, kila ubeti una mishororo minane, na jumla ya mishororo ni 120. Ndani ya ubeti mmoja mizani hailegezwi. Baina ya ubeti na ubeti hubadilika kwa mpangilio huu: 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8, 10, 8, 7, 6, 5, 4, 3, 2. Ubeti wa nane, wenye silabi 10 katika kila mshororo, uko katikati kabisa, beti saba mbele yake na saba nyuma yake. Silabi 9 zimerukwa katika kupanda na katika kushuka. Mshororo wa silabi 9 haukuwa na mizizi katika ushairi ulioandikwa wakati huo; ulikuja kupata heshima baadaye, hasa kwa Paul Verlaine, aliyeutumia katika “Art poétique”.

Ukubwa wa mabadiliko haya unaeleweka vizuri tukiulinganisha na vipimo vyetu. Ubeti mzima wa kwanza una silabi 16 tu, sawa na mshororo mmoja wa shairi letu la kawaida. Ubeti wa nane una silabi 80, wakati ubeti wetu wa mishororo minne ya mizani 16 una mizani 64. Kwa maneno mengine, shairi linaanza na ubeti ulio sawa na mshororo wetu mmoja, linavimba hadi kuupita ubeti wetu mzima, kisha linanywea na kurudi pale pale.

Mpangilio wa vina ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: *abab cccb*. Mishororo ya *a* na *c* ina vina vya kike. Ya *b*, yaani wa pili, wa nne na wa nane, ina vina vya kiume. Hapa ndipo tofauti iliyoelezwa katika sehemu ya 3.2 inapofanya kazi. Mishororo ya tano, ya sita na ya saba inafuatana kwa kina kimoja chenye mwangwi, na kila mmoja unauacha mlango wazi. Mshororo wa nane unarudi kwenye kina cha kiume kilichosubiriwa tangu mshororo wa nne, na kuufunga ubeti. Katika beti fupi mpangilio huu unasikika kama hatua za mtu anayekimbia na kusimama. Katika ubeti wa nane, takriri ile ya vina vitatu inakuwa wimbi linalojikusanya kabla ya kupiga.

Kwa hiyo kuna tabaka mbili za umbo. Tabaka la vina ni thabiti, na tabaka la mizani linabadilika. Uthabiti wa vina ndio unaomwezesha msikilizaji kuhisi badiliko la mizani. Kama vyote viwili vingebadilika pamoja, sikio lisingekuwa na kitu cha kupimia.

5.0 Umbo na Maana

5.1 Sauti isiyo na mwenyewe

Ubeti wa kwanza unataja kuta, mji, bandari, bahari ya kijivu na upepo. Kila kitu kimelala. Hakuna msemaji wala tukio. Katika ubeti wa pili inazaliwa sauti nyandani, ambayo inafananishwa na pumzi ya usiku na kilio cha roho inayofuatwa na mwali wa moto. Katika wa tatu inafananishwa na njuga na mbio za kibete anayerukaruka. Katika wa nne inafananishwa na kengele ya nyumba ya watawa iliyolaaniwa, kisha na ngurumo ya umati. Tashibiha zinafuatana, kila moja ikidai nafasi kubwa kuliko iliyotangulia, na mizani inaipatia nafasi hiyo silabi moja moja.

Jina la majini halitajwi hadi ubeti wa tano. Kwa beti nne msikilizaji anapewa sauti bila mwenyewe. Ni katika ubeti huo huo wa tano ambapo nafsi ya kwanza inaingia: mtu mmoja anakimbilia chini ya ngazi, na taa yake inazimika. Jina la kitisho na nafsi ya mwenye kutishwa huja pamoja. Hii ni mbinu ya kuchelewesha, nayo inategemea mizani, kwa sababu mishororo ya silabi mbili na tatu haina nafasi ya kueleza. Inaweza kutaja tu.

5.2 Kilele na dua

Katika ubeti wa nane kundi la majini linaiangukia nyumba. Ukuta unapinda, nyumba inalia na kuyumba, na inaonekana kama upepo unaing’oa na kuiviringisha mithili ya jani kavu. Mishororo ya silabi 10 hapa ina mkato baada ya silabi ya nne, nne kwa sita. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka bahari ya *Al-Inkishafi* ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, ambayo ina mizani 11 kwa mgawanyo unaoanza na kipande kirefu, sita kwa tano. Idadi zinakaribiana, mwendo ni tofauti. Katika *Al-Inkishafi* kipande kirefu hutangulia na kifupi hufunga, mwendo unaofaa tafakuri na mawaidha. Kwa Hugo kipande kifupi hutangulia kama mshtuko, kisha kirefu humwagika. Ulinganisho huu unatuonya kwamba kutaja idadi ya mizani bila kutaja mgawanyo wake ni kusema nusu ya jambo.

Ubeti wa tisa, wa kwanza katika kushuka, ni dua kwa Mtume. Msemaji anaahidi kwamba akiokolewa atasujudu mbele ya vyetezo vitakatifu. Katika wa kumi majini wamekwisha kupita. Kwa umbo, dua imewekwa palepale mizani inapoanza kupungua, na msikilizaji anaachiwa kuamua kama dua imejibiwa au kama majini walikuwa wapita njia tu.

5.3 Kufifia

Katika kushuka, tashibiha zinageuka. Mvumo wa mabawa unafananishwa na mlio wa panzi, kisha na mvua ya mawe inayogonga risasi ya paa kuukuu. Katika ubeti wa kumi na mbili shairi linasema kwamba silabi za ajabu bado zinawafikia wasikilizaji. Shairi lililojengwa kwa kuhesabu silabi linazitaja silabi zenyewe kuwa ndicho kilichobaki cha majini. Katika ubeti wa kumi na nne sauti hiyo inakuwa wimbi la ufukweni, na hivyo tunarudi kwenye bahari ya ubeti wa kwanza.

Ubeti wa mwisho unaanza kwa shaka na kuishia kwa sauti kufutwa na anga. Maneno yenye maana ya “sauti” na “usiku”, ambayo ni vina vya kiume katika ubeti wa pili sauti ilipozaliwa, yanarudi kuwa vina vya kiume katika ubeti wa kumi na tano sauti inapokufa. Je, ulinganifu huu unafaulu kipimo cha Riffaterre? Mwandishi wa makala hii anaona unafaulu. Baina ya beti hizo kuna zaidi ya mishororo 90, lakini zote mbili ni fupi mno, vina vyake vinagonga baada ya silabi mbili au tatu, na maneno yenyewe ni ya kawaida kabisa. Sikio linayatambua.

6.0 Kusoma kutoka Pwani

Hadi hapa uchambuzi umeonyesha umbo linavyofanya kazi. Msomaji aliyekulia katika mitaa ya kati ya Dar es Salaam, hata hivyo, ana jambo la kuongeza.

Katika utamaduni wa pwani jini ana jina, kabila na matakwa. Humpanda mtu, na aliyepandwa huitwa kiti. Jini huulizwa ni nani, ametoka wapi na anataka nini, na huwa na ngoma na manukato yake. Hata katika mapokeo ya dini, sura ya 72 ya Kurani imepewa jina la majini, nao humo ni wasikilizaji wa maneno yanayosomwa. Majini wa Hugo hawana chochote cha haya. Ni kundi moja lisilo na nyuso, halisemi neno linaloeleweka, na hakuna anayethubutu kuliuliza. Hugo alitunga *Les Orientales* akiwa Paris, bila kufika Mashariki aliyoiandika, na Edward Said (1978) anamtaja miongoni mwa waandishi ambao kwao Mashariki ilikuwa zaidi ni taswira.

Ile ahadi ya kusujudu mbele ya vyetezo inashuhudia jambo hilo hilo. Chetezo, ubani na udi ni vitu vya kawaida katika nyumba za pwani, katika maulidi na katika shughuli za majini. Lakini Mwislamu humsujudia Mungu peke yake. Hamsujudii Mtume wala hasujudu mbele ya vyetezo. Hugo amechukua taswira ya altare ya kanisa na kuivika kilemba. Msomaji wa Paris wa mwaka 1829 pengine hakuliona hilo. Msomaji wa Kariakoo analiona mara moja.

Je, kosa hili linabomoa umbo? Kwa maoni yetu, linalieleza. Shairi lililojengwa juu ya uvimbaji na unyweaji wa sauti linahitaji viumbe wasio na nyuso. Jini mwenye jina na madai angelazimisha mazungumzo, na mazungumzo yangesimamisha mwendo wa mizani. Ujinga wa Hugo kuhusu majini na ustadi wake wa arudhi vimefungamana. Mhakiki anayesifu umbo bila kuona gharama yake, au anayelaumu maudhui bila kuona kazi ya umbo, amesoma upande mmoja.

7.0 Nyenzo za Arudhi Yetu

Je, badiliko la mizani ni jambo geni kwetu? La hasha. Bahari ya msuko hutambulika kwa kituo kilicho kifupi kuliko mishororo iliyotangulia. Tazama mfano huu:

Sokoni Kariakoo, alasiri pana watu,
Kila duka na mlio, kila mlango na mtu,
Yakishafika machweo, hubakia giza letu,
Sauti haipo katu.

Mishororo mitatu ya kwanza ina mizani 16, na kituo kina minane. Mchambuzi anayeishia kusema “hii ni bahari ya msuko” hajakosea, lakini hajaanza kazi. Kituo kinazungumzia ukosefu wa sauti, na nusu ya mizani imeondoka pamoja na sauti hiyo. Pale ambapo sikio lilitarajia utao, pana kimya. Kwa kipimo tulichokiweka, hii ni mbinu: inasikika, na kuiondoa kungebadili maana. Kama kituo kingekuwa na mizani 16 kikieleza kimya kwa maneno mengi, kimya chenyewe kingepotea. Kinyume chake, katika tungo nyingi za msuko kituo kifupi hakina uhusiano wowote na maudhui, na huko mchambuzi hana budi kusema hivyo waziwazi badala ya kukisifu.

Sarufi ya Kiswahili nayo ina uwezo ambao Kifaransa hakina. Hugo alipata mishororo ya silabi mbili kwa sababu Kifaransa kina maneno mengi ya silabi moja, na mshororo wa namna hiyo unaweza kubeba maneno mawili. Katika Kiswahili maneno ya silabi moja ni machache, na mshororo wa mizani miwili kwa kawaida utakuwa neno moja. Lakini neno hilo linaweza kukua kwa viambishi: *pita* (2), *wapita* (3), *wanapita* (4), *wanapitia* (5), *wanatupitia* (6), *waliotupitia* (7), *watakaotupitia* (8). Kupanda kwa mizani ambako Hugo alikufanya kwa kuongeza maneno kunaweza kufanyika kwetu ndani ya kitenzi kimoja, na kila silabi inayoongezeka inaleta mtenda, njeo, mtendwa au urejeshi. Mtunzi anayetaka kufanya jaribio la mizani inayobadilika hana haja ya kuiga umbo la Kifaransa. Mofolojia ya lugha yake imekwisha kumwekea ngazi.

Tahadhari inahitajika katika vina. Kwa kuwa vitenzi vingi vya Kiswahili huishia kwa *-a*, vina vitatu mfululizo vinavyotokana na vitenzi ni rahisi kupatikana na kwa sababu hiyo havisikiki sana. Mfasiri wa “Les Djinns” atakayeuhifadhi mpangilio wa *abab cccb* kwa vitenzi pekee atakuwa amehifadhi herufi na kupoteza mapigo. Atahitaji ama vina vya silabi mbili, ama nomino zenye miishio isiyo ya kawaida.

8.0 Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha kwamba “Les Djinns” ni shairi linalohesabu silabi kwa ukali, lakini halitaki hesabu hiyo ibaki pale pale. Uthabiti wa vina humpa msikilizaji kipimo, na badiliko la mizani humpa tukio. Umeonyesha pia kwamba umbo hilo limejengwa juu ya majini wasio na nyuso, jambo ambalo msomaji wa pwani ana haki ya kulihoji.

Kwa ufundishaji wa ushairi, makala inapendekeza maswali matatu yaambatane na kila hesabu ya mizani. Mizani imegawanywaje ndani ya mshororo? Inabadilika wapi, na ni kipengele gani kilichobaki thabiti ili badiliko hilo lisikike? Badiliko hilo, au kutokuwapo kwake, linafanya nini katika maana? Maswali hayo yanaweza kuulizwa kuhusu tungo za Abedi, kuhusu tungo za Kezilahabi, na kuhusu tumbuizo za kale ambazo mishororo yake mirefu haikuwahi kuingia vizuri katika kanuni za mwaka 1954. Msuko ungefaa kuwa mahali pa kuanzia: kuna hazina kubwa ya mashairi ya msuko katika kurasa za magazeti ya Kiswahili tangu *Mambo Leo* lilipoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, na sehemu kubwa ya hazina hiyo haijasomwa kwa swali la kwa nini kituo ni kifupi.